Maoni Yana Mwenyewe: Mwongozo kwa Msimamizi wa Ukurasa au Kundi la Mtaa, Geita

Umefungua ukurasa wa Facebook wa habari za Kalangalala, au umekabidhiwa kundi la WhatsApp la mtaa, la wafanyabiashara wa sokoni, au la wachimbaji wadogo wa Nyarugusu. Mwanzoni mlikuwa wachache, mkisalimiana na kutumiana picha za sikukuu. Sasa kundi limejaa na kila unachoweka kinafuatwa na maoni: ya busara, ya matusi, ya mtu anayekopesha pesa bila riba, ya mwingine anayedai kumjua mwizi wa pikipiki ya jana. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili yako.

Nianze na ninaloliamini kuliko mengine yote. Maoni yanayoandikwa chini ya habari yako ni sehemu ya habari yako, na wa kuyajibia ni wewe. Kwingineko maoni mabaya huishia kwenye kukasirishana tu. Ukanda wetu wa Geita na Shinyanga una historia yake. Hapa watu wenye ualbino wamewindwa na kuuawa kwa sababu ya imani kwamba viungo vyao vinaleta dhahabu. Hapa vikongwe wamekatwa mapanga kwa kuwa macho yao ni mekundu, ilhali wekundu huo ni wa moshi wa jiko walilopikia maisha yao yote. Mwaka 2015 serikali ilipowapiga marufuku wapiga ramli chonganishi, ilikuwa inashughulikia kinachotangulia panga: jina la mtu kutajwa. Maoni yanayosema "mama wa nyumba ya tatu kutoka mashine ya kusaga ndiye anayewamaliza watoto" yanafanya kazi ileile ya ramli, ila haya husomwa na mtaa mzima kabla ya chai.

Ndiyo maana sikubaliani na wasimamizi wanaosema, "Mimi nimeweka habari tu, watu wana uhuru wao." Uhuru wa kusema upo, na nitautetea hapa chini. Lakini anayetajwa naye ana haki ya kulala salama, na mara nyingi hayumo kwenye kundi wala hana simu ya kumwezesha kujitetea.

Jina likitajwa

Tenganisha kuficha na kufuta. Kwenye Facebook, ukificha maoni, wengine hawayaoni, lakini aliyeyaandika na marafiki zake wanaendelea kuyaona. Kwa mji kama wetu hapo ndipo penye hatari, kwa sababu marafiki wa mwandishi ndio jirani wa anayetuhumiwa. Maoni ya kumtaja mtu kwa uchawi, wizi, ubakaji au maradhi yafute kabisa. Kuficha kuache kwa matusi madogo na ubishi wa mpira.

Kabla ya kufuta piga picha ya skrini, hasa kama kuna tishio ndani yake. Kama maoni yanaelekeza nyumba au yanaita watu wakutane mahali, hilo si jambo la kumalizia kwenye simu yako. Mpigie mwenyekiti wa mtaa au mtendaji wa kata, na polisi kwa 112. Likimhusu mtoto, kuna namba 116 inayopigwa bure.

Kisha mwandikie pembeni aliyetoa maoni. Wengi huruka hatua hii, wakafuta kimyakimya, na mtu akahamia kundi jingine akiwa na hasira zaidi. Mara nyingi anayetuhumu amefiwa au ameibiwa kweli, na anachotaka ni mtu wa kumsikiliza. Ujumbe wa namna hii unatosha:

"Habari za asubuhi kaka. Maoni yako ya jana kuhusu yule mama nimeyaondoa. Najua mmepata msiba, poleni sana. Kama kuna jambo la kupeleka polisi au kwa mtendaji, niambie, nitakusindikiza. Jina la mtu hapa hatutalitaja."

Akiwa mtu mzima, anza na shikamoo. Akiwa Msukuma wa rika lako, salamu ya mwangaluka itafungua mlango kuliko maelezo marefu ya kanuni za kundi.

Facebook inakuruhusu pia kuweka orodha ya maneno, na maoni yenye maneno hayo yakafichwa yenyewe hadi uyapitie. Itumie, lakini usitegemee Facebook ikujazie orodha hiyo, maana anayejua maneno ya hapa ni wewe. Andika mwenyewe: mchawi, mlozi, balogi, na namna watu wanavyoyakosea makusudi ili yapite, kama "mcha wi" au "mch4wi". Ongeza majina ya dhihaka wanayoitwa watu wenye ualbino. Kila neno jipya la kutukania linapozuka mtaani, liingie kwenye orodha siku hiyohiyo.

Kwa wizi wa pikipiki, ambao ndio habari ya kila wiki, usiweke sura ya mtuhumiwa na usiruhusu mtu aiweke kwenye maoni. Madereva wa bodaboda wanajuana kwa vijiwe na wanakusanyika haraka kuliko gari la polisi. Weka namba ya usajili, rangi, mahali ilipoibiwa, saa, na kituo cha polisi ambako mwenye pikipiki alichukua RB (namba ya taarifa ya polisi). Kinachotafutwa ni pikipiki, na hizo taarifa zinatosha kuipata.

Duara likititia

Hakuna siku ngumu kwa msimamizi wa ukanda huu kama siku ya ajali ya machimboni. Mvua imenyesha, matimba yamelegea, kifusi kimeshuka, na ndani ya dakika chache simu yako inaita mfululizo. Maoni ya kwanza karibu kila mara ni swali: duara (shimo la kuchimbia) la nani? La pili ni idadi: wamekufa wangapi? La tatu ni jina la marehemu, limewekwa na mtu aliyesikia kwa mtu.

Kumbuka yaliyotokea Nyarugusu mwishoni mwa Januari 2017. Wachimbaji 15, mmoja wao raia wa China, walifukiwa mgodini, na kwa siku kadhaa ndugu walikuwa juu wakisubiri. Wote walitolewa wakiwa hai. Fikiria ukurasa ambao siku ya kwanza ungekuwa umeshaandika "pumzikeni kwa amani" ukiwa na majina. Mke angesoma. Watoto wangesoma shuleni kupitia simu ya mwenzao. Matanga yangewekwa kwa mtu anayepumua.

Kwa hiyo siku hiyo fanya hivi. Andika habari moja tu, fupi, na uibandike juu. Itaje saa: "Hadi saa 4:20 asubuhi tunachokijua ni hiki." Kila kinapobadilika, ihariri habari hiyohiyo na uandike saa mpya, usifungue nyingine, kwa sababu ukifungua tano, ile ya kwanza yenye makosa ndiyo itakayosambazwa. Jina la mchimbaji lisitajwe, hata kama una hakika nalo, mpaka familia iwe imeambiwa na taarifa imetolewa na polisi au ofisi ya mkuu wa mkoa. Kwa kweli ninawasihi hapa: hata likiwa sahihi, lifute. Mama hastahili kupokea msiba kupitia maoni ya mtu asiyemfahamu.

Picha za miili hazina mjadala. Zifute, na aliyezituma umtoe kwenye kundi kwa siku hiyo.

Kwenye WhatsApp, badilisha mpangilio ili wasimamizi peke yao waandike kwa saa chache, na uwaeleze watu sababu na muda: "Tunafunga mpaka saa 8 mchana ili taarifa zisichanganyike. Mwenye ndugu machimboni anipigie." Msimamizi anaweza kufuta ujumbe wa mwanakundi yeyote, lakini aliyekwisha kuusoma amekwisha kuusoma, na aliyeupeleka kwingine ameshaupeleka. Ndiyo maana kufunga mapema kunafaa kuliko kufuta baadaye. Namba ya Zimamoto na Uokoaji, 114, iwe kwenye ujumbe uliobandikwa.

Kati ya maoni hayohayo ya vurugu huwa kuna lulu. Mtu mmoja anaandika, bila makeke, "Njia ya kwenda duarani imekatika kwa mvua, gari dogo halipiti." Huyo ndiye unayepaswa kumwona. Mpigie, hakikisha, kisha iinue kauli yake juu ambako waokoaji na ndugu wataisoma. Ukiwa umechoka kufuta upuuzi utampita kirahisi, kwa hiyo siku hiyo mpe msimamizi mwenzako kazi moja tu: kusoma akitafuta taarifa zenye msaada.

Sheria kwa ufupi

Anayechapisha habari na matukio mtandaoni anahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018 zilimpa mtoa huduma muda wa saa 12 kuondoa maudhui yaliyokatazwa baada ya kuarifiwa. Zile za 2020 zikaupunguza hadi saa 2. Muda wa saa 2 ni mfupi kuliko usingizi wako, na hiyo peke yake ni sababu ya kuwa na msaidizi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 nayo, katika kifungu cha 16, inaadhibu anayechapisha taarifa za uongo akijua ni za uongo kwa kusudi la kupotosha au kudhuru: faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote. Zisome mwenyewe au umwombe wakili akusomee.

Kuwafanya waliokaa kimya waseme

Hadi hapa nimeongelea kuzuia. Ukiishia hapo, kundi lako litakuwa safi na limekufa.

Enzi za kadi za salamu za Radio Tanzania Dar es Salaam, mtu alinunua kadi, akaandika majina ya nduguze na kusubiri redioni siku nzima ili asikie jina lake likisomwa. Muhidin Issa Michuzi alipoanzisha blogu yake mwaka 2005, wasomaji wakaishia kumwita Ankal na kuiita Globu ya Jamii. Wote wawili, redio na Michuzi, walimpa mtu wa kawaida nafasi ya kutambuliwa. Tumia hilo. Anayejibu swali lako vizuri, mtaje: "Mama wa duka la nafaka ametukumbusha kwamba…" Utaona wiki ijayo anarudi na jirani yake.

Swali lako liwe la kujibika. Ukiuliza "Mnaonaje huduma ya maji Geita?" utavuna matusi na vicheko. Uliza: "Kwako maji yalitoka lini mara ya mwisho? Andika kata, mtaa na siku." Kalangalala watajibu, Nyankumbu watajibu, Buhalahala na Mtakuja nao. Chukua daftari, weka mistari, panga majibu kwa kata. Jioni utakuwa na picha ya maji ya mji ambayo hakuna mwandishi mmoja angeweza kuizungukia kwa miguu. Nenda nayo GEUWASA, mamlaka ya maji ya mji, na uulize kuhusu kata moja moja: kwa nini huku siku mbili na kule siku tisa? Ofisa hujibu tofauti kabisa anapoonyeshwa orodha kuliko anapoletewa lawama.

Kisha rudi na jibu. Hapa ndipo kurasa nyingi zinapofia, na ninalisema kwa uchungu kwa sababu nimeona watu wema wakiacha kuandika kwa jambo hili moja. Walijibu, wakataja mitaa yao, halafu kimya. Hata kama jibu la ofisi ni "pampu imeharibika, fundi anatoka Mwanza Jumatatu," liweke, na uwaarifu walioandika. Na Jumatatu ikifika, uliza tena. Ukurasa unaorudisha majibu hauhitaji kuomba watu wabonyeze wala wasambaze.

Zingatia pia namna watu wanavyonunua intaneti. Wengi wana kifurushi cha mitandao ya kijamii tu. Ukiweka kiungo cha kwenda tovuti nyingine, hawakifungui, wanasoma kichwa cha habari na kutoa maoni juu ya kichwa. Kisha unalalamika kwamba watu hawasomi. Weka habari nzima hapohapo, kwa aya fupi. Video ipunguze uzito. Kwa habari isiyo ya dharura, ngoja jioni, kati ya saa 1 na saa 4 usiku, wakati waliokuwa kwenye karasha (mashine za kusaga mawe ya dhahabu) na sokoni wamerudi na simu imepata chaji. Na panga muda huo kwa ajili yako pia: usiweke habari yenye ubishi kisha ukalale.

Wachimbaji wengi hutuma sauti badala ya maandishi. Sikiliza sauti hizo, na uandike muhtasari wa mstari mmoja chini yake ili asiye na muda au spika afuate. Mtu akisema kwa Kisukuma, mjibu kwa Kisukuma, halafu urudie kwa Kiswahili. Geita ni ya Wasukuma, ndiyo, na ni ya Wazinza, Walongo na Wasumbwa, na ya kila aliyekuja na rashi ya dhahabu kutoka Musoma, Kigoma au Bukoba. Asiyeelewa mazungumzo hudhani anasengenywa.

Matapeli

Watakuja, na wana sura tatu hapa. Mmoja anauza ajira za mgodini na kutaka "pesa ya fomu". Wa pili ni mganga wa utajiri. Wa tatu anauza dhahabu pembeni kwa bei ya kutupa. Kwa huyu wa tatu waambie watu waziwazi: tangu Machi 2019 Geita ina soko la dhahabu, na kununua nje ya utaratibu ni kosa pamoja na kuwa njia ya kuuziwa shaba. Namba za simu za matapeli zitumwe 15040. Wote watatu watoe kundini bila onyo, kwa sababu onyo ni kwa mtu anayeweza kujirekebisha.

Wanaokukosoa na wanaokulipa

Maoni yanayokukosoa wewe yaache. Yanayomkosoa diwani, mkurugenzi, mgodi au ofisi ya maji kwa jambo la kazi yao, bila tusi na bila uzushi, yaache pia na uyalinde. Utapigiwa simu uyaondoe. Jibu kwa adabu: "Mheshimiwa, niletee maelezo yako kwa maandishi, nitayaweka juu kwa uzito uleule." Mara nyingi maelezo hayo yakija ni habari nzuri kuliko ya kwanza.

Jaribu gumu zaidi ni mfadhili. Duka limelipia tangazo, na chini yake mteja ameandika kwamba aliuziwa sola mbovu na fedha hakurudishiwa. Ukiyafuta maoni hayo, watu watajua, maana mji ni mdogo. Mwambie mwenye duka ajibu mwenyewe hapohapo. Mteja akirudishiwa fedha mbele ya watu, tangazo hilo limefanya kazi kuliko picha yoyote ya bidhaa. Makubaliano haya yaandike kabla ya kupokea malipo.

Ukikosea habari, weka sahihisho juu kabisa, likiwa na saa, na mjibu kila aliyekuonyesha kosa. Ukibadilisha kimyakimya, picha za skrini zipo.

Na kuna watu watakaokuletea siri pembeni: kifo kilichofichwa, zebaki inayomwagwa mtoni, mtoto anayefanyishwa kazi kwenye mialo ya kuchenjulia dhahabu. Desemba 2016 Maxence Melo wa JamiiForums alikamatwa baada ya kukataa kuwapa polisi taarifa za watumiaji wa mtandao wake. Wewe si JamiiForums, lakini anayekuandikia anakuamini vilevile. Usimwombe jina kamili na picha ya kitambulisho kama huvihitaji, usipeleke ujumbe wake kwenye kundi la wasimamizi ukiwa na namba yake, na ukishamaliza kazi ufute. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 nayo inakutaka usikusanye zaidi ya unachohitaji.

Zamu

Kazi hii haifanywi na mtu mmoja. Tafuteni wasimamizi watatu, na mmoja wao awe mwanamke, kwa sababu kuna maoni ambayo wanaume huyapita wakidhani ni utani, na dada anayetukanwa kwa mwili wake hatakuja kumlalamikia mwanamume asiyemfahamu. Gawaneni usiku na mchana. Kila mmoja awashe uthibitisho wa hatua mbili kwenye akaunti yake. Ukurasa ulioibwa huanza kwa kuwaomba wafuasi wako pesa kwa jina lako.

Mkutane mara moja kwa mwezi, ana kwa ana, na mzipitie picha za skrini za mliyoyafuta. Mtagundua mmoja wenu anafuta kwa hasira na mwingine anaogopa wakubwa. Zungumzeni, mkubaliane upya. Na msimamizi akihamia Kahama au akipata kazi inayomnyima muda, aondolewe kwenye usimamizi siku hiyohiyo. Amkabidhi anayeingia orodha ya maneno mliyoyazuia na daftari la maswali ambayo bado hamjawarudishia watu majibu.